Koti la kuwindia kwenye baridi, bora livujishe upepo kidogo

Najua kuna watu watanibishia lakini mi nishasema na narudia, kwa mwindaji anayetembea, yule wa kufuata nyayo na kunyatia, sio yule anayekaa kwenye dungu asubuhi nzima, koti linaloziba upepo moja kwa moja ni hasara. Unatoa hela nyingi ili uloe kutoka ndani.

Mi nilijifunza kwa aibu. Koti lilikuwa jipya, la kampuni gani sisemi na wala haijalishi, lebo imejaa maneno matamu, halipitishi upepo, halipitishi maji, jasho linatoka nje lenyewe. Tukaanza kupanda kabla hakujapambazuka, baridi kama nyuzi 10 chini ya sifuri, upepo unavuma kweli kweli, na mimi nimefunga zipu mpaka kidevuni najiona mjanja kuliko wenzangu. Dakika 40 mlima tu, begi mgongoni bunduki begani, na nilikuwa nasikia raha kabisa, joto tele. Tulipofika juu tukakaa kungoja mwanga. Haikupita robo saa nikaanza kutetemeka, meno yanagongana, na kulungu alipotokea ng'ambo ya korongo, umbali mzuri tu, nikaweka jicho kwenye darubini ya bunduki nikaona msalaba wa shabaha unacheza huku na huku kama kichwa cha kuku anayetembea. Nikashusha bunduki. Siku hiyo sikufyatua hata risasi moja. Nilipofungua zipu nione kuna nini, ndani ya koti kumetanda barafu nyembamba nyeupe kama ya kwenye friza iliyosahauliwa, na fulana imeganda mgongoni ukiibonyeza inatoa maji.

Maji yale hayakutoka mawinguni jamani, yalikuwa yangu.

Sasa tupige hesabu kidogo, maana hapa ndo watu wengi wanapojidanganya. Mtu aliyekaa tu anatoa joto la wati kama 100 hivi, lakini akipanda mlima na mzigo inakuwa mara tano au zaidi, kwa sababu misuli inageuza robo tu ya nguvu kuwa mwendo, zile robo tatu zote zinatoka kama joto. Mwili ukizidiwa unafungua jasho, hata kama nje maji yanaganda, mwili hausomi kipimajoto. Na jasho likishaingia kwenye nguo lazima likauke, na kukausha gramu 1 kunakula joto la jouli kama 2,400 (wati 1 ni jouli 1 kwa sekunde). Chukua gramu 200, yaani glasi moja, ambayo ukipanda kwa nguvu unaimaliza chapu. Ukishakaa na zile wati 100 zako, hata kama joto lako LOTE lingeenda kukausha hilo jasho na hakuna linalobaki la kukupasha wewe, ingechukua dakika 80. Ndo maana unatetemeka na umevaa koti la bei mbaya. Tena maji yanasafirisha joto mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo sweta lililoloa sio sweta tena, ni kitambaa cha kujikandia.

Halafu kuna hiki kitu cha namba za "kupumua" kwenye lebo. Kuna kipimo cha maabara kinatumika sana, ISO 11092, wanaangalia kitambaa kinazuia mvuke wa jasho kwa kiasi gani, na kipimo chenyewe ni kizuri tu sibishi, ila kinafanywa hewa ikiwa nyuzi 35 za joto. Juu ya sifuri! Wewe unawinda kwenye nyuzi 10 chini yake. Kule mlimani utando wa koti, yaani ile ngozi nyembamba ya plastiki ya kuziba upepo na maji, unakuwa wa baridi, mvuke ukiugusa unageuka maji hapo hapo kabla haujapenya, baridi ikizidi unageuka barafu na kuziba hata ile njia ndogo iliyokuwepo. Lebo haijasema uongo, imesema ukweli wa mahali pengine.

Sisemi upepo uudharau. Nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kama vile ni nyuzi 20 chini ya sifuri na upepo umetulia. Na ukivaa flisi, kile kitambaa laini cha manyoya manyoya, peke yake upepo unapita humo kama kwenye wavu wa samaki, ile hewa ya joto uliyoitengeneza inafagiliwa yote. Kwa hiyo kitu cha kuzuia upepo lazima kiwepo, ninachobishia ni kiasi.

Kiasi kinapimika. Kuna namba inaitwa CFM, ni futi za ujazo za hewa zinazopita kwenye futi moja ya mraba ya kitambaa kwa dakika, na mara nyingi wanapima kwa presha ambayo ni kama upepo wa kilomita 50 kwa saa. Koti la utando liko sifuri au chini ya 1. Flisi ya kawaida inavuka 100 bila wasiwasi. Mimi nataka la katikati, kuanzia 5 mpaka 30 hivi, nailoni au poliesta nyembamba iliyofumwa kwa kubana, haina utando wowote, ukiikunja inaingia mfukoni. Upepo unaukata makali lakini hewa kidogo inapenya na kutoka na ule mvuke. Watengenezaji wengi hawaandiki hiyo namba, basi fanya hivi, bana kitambaa mdomoni na pulizia kwa nguvu huku kiganja kiko upande wa pili. Usiposikia kitu kabisa, hilo ni la mtu wa kukaa tu. Ukisikia pumzi yote kama hakuna kitambaa, hilo ni sweta tu. Ukisikia hewa inajikaza inapita kwa shida, nunua.

Kuna jambo lingine ambalo sijui kwa nini halisemwi sana. Mwindaji sio mpanda milima wa kawaida. Sisi upepo hatuupokei kutoka kila upande, tunauweka usoni makusudi, maana mnyama akishapata harufu yako kazi imeisha. Na kabla jua halijatoka hewa baridi huwa inateremka kutoka juu, kwa hiyo ukipanda alfajiri inakupiga kifuani njia nzima, jua likishapasha mteremko inageuka kupanda, na wewe unazunguka umjie mnyama kutoka juu, tena unaikuta kifuani. Kifua, mabega, mbele ya mapaja, hapo ndo panapochapwa. Mgongo je? Mgongo umefunikwa na begi, upepo haufiki, na ndo mahali panapotoka jasho kuliko pote. Kumbe koti linaloziba sawasawa mbele na nyuma limeshonwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mi siku hizi natafuta la mbele pazito kidogo na mgongoni na kwapani pawe na kitambaa cha wazi, chepesi, na nikilikosa nachukua lenye zipu ndefu za kwapani. Zipu za kwapani nazipenda kuliko teknolojia yoyote ya utando, haziharibiki kwa barafu na hazihitaji maabara.

Ndani kabisa navaa fulana ya wavu. Cheka tu. Ofisa mmoja wa jeshi la Norway, Henrik Brun, alitengeneza ya kwanza mwaka 1933 kutokana na nyavu za kuvulia samaki, na akili yake ni ile ile, matundu yanashika hewa ukiwa umefunga nguo za juu, ukifungua zipu mvuke unatoka bila kulowesha kitu. Juu yake sufu nyembamba ya kondoo wa merino, ambayo inaweza kunywa mvuke karibu theluthi ya uzito wake kabla hujasikia imelowa, na hainuki vibaya hata siku ya tatu, jambo ambalo mke wangu analithamini kuliko kulungu. Pamba usivae, hilo halina mjadala.

Juu ya sufu ndo linakuja lile koti jembamba. Basi. Vitatu tu wakati wa kutembea, na unapoanza safari unatakiwa usikie baridi, yaani dakika 10 za kwanza ujilaumu kabisa kwa nini umenisikiliza. Ukianza na joto zuri umeshachelewa. Kofia inatoka kwanza, kisha glavu, kisha zipu ya kifua, na kama bado jasho linakuja punguza mwendo, mlima haukimbii.

Koti nene linakaa kwenye begi. Liwe kubwa saizi moja zaidi ili livaliwe juu ya kila kitu, na lijazwe nyuzi za poliesta badala ya manyoya ya bata, kwa sababu unalivaa juu ya nguo zenye unyevunyevu na manyoya yakinyonya huo unyevu yanasinyaa. Hili hata likiziba upepo wote sina ubishi nalo, maana umekaa, hutoi jasho. Unalivaa mara tu ukisimama, usingoje baridi ikuambie. Wainuit, wenyeji wa nchi za barafu kule kaskazini ya mbali, walishalijua hili zamani sana, wanavaa ngozi mbili za karibuu, mnyama wa huko jamii ya kulungu, ya ndani manyoya yanaelekea mwilini na ya nje yanaelekea nje, zote pana za kulegea, na joto likizidi wanaliachia litoke shingoni.

Kelele nayo. Makoti mengi ya utando yanachakarika kama mfuko wa nailoni, na kwenye theluji tulivu kulungu anakusikia kabla hujamwona. Pitisha ukucha kwenye mkono wa koti ukiwa umeliweka karibu na sikio, ukisikia mkwaruzo mkali liache hapo hapo. Kuna kitambaa kinaitwa Ventile, pamba iliyofumwa kwa kubana sana, Waingereza walikitengeneza kwa ajili ya marubani wakati wa vita kuu ya pili, na kwa ukimya sijaona mpinzani wake (ndio, ni pamba, najua nimesema nini hapo juu, hii ni ya nje na haigusi ngozi). Shida yake ikishaloa sana inakuwa nzito na inakauka polepole.

Mvua ya baridi, ile ya kuzunguka nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri iliyochanganyika na theluji, hapo nakubali utando una kazi yake, beba mmoja mwepesi chini ya begi. Ila ikikatika uvue.

Na ukishafika kwenye kituo chako cha kuvizia, kabla hujaketi, vua lile koti jembamba, ligeuze ndani nje, vaa nene haraka haraka, halafu lipige lile jembamba kwenye goti mara tatu nne. Kwenye baridi kali ile barafu ya jasho inadondoka chini kama unga, na kila gramu iliyodondoka ni gramu ambayo mwili wako hautaikausha.