Kijiwe cha mtandaoni: bloga anavuna nini, anapoteza nini?

Jumapili moja jioni nilimaliza makala iliyonichukua siku nne, nikabandika linki yake kwenye kundi la WhatsApp la wanablogu lenye watu mia mbili na ushei. Nikaweka simu chini. Nikaichukua tena. Baada ya saa moja niliangalia ni nani wameusoma ujumbe wangu: majina sabini na matatu. Dole gumba sita. "Hongera sana kaka" mbili, moja ikiwa na ua. Nikafungua takwimu za blogu. Waliokuja kupitia linki ile walikuwa wanne, na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe, niliyebonyeza kuhakikisha inafunguka.

Kundi lile sijaondoka mpaka leo, na ndiyo maana suala la bloga kujiunga au kutojiunga na makundi ya soga silioni jepesi. Anayeanza kublogu huambiwa mapema kwamba ajiunge na makundi ya soga, kuanzia WhatsApp na Telegram hadi seva za Discord, ajuane na wenzake, kwa kuwa blogu bila watu ni kusema na ukuta. Wapo pia wanaomwambia kinyume chake: zima simu, andika, wasomaji watakuja wenyewe. Kila upande unasema kwa uhakika, na kila upande una mifano ya kuonyesha.

Wanaosema jiunge wana hoja moja ambayo sijaona mtu akiijibu vizuri. Zamani mazungumzo kuhusu makala yalifanyika chini ya makala yenyewe. Neno "weblog", lililokuja kufupishwa kuwa "blog", lilianza kutumiwa na Jorn Barger mwishoni mwa 1997, huduma ya Blogger ikafunguliwa 1999, na kwa miaka mingi baada ya hapo sehemu ya maoni ndiyo iliyokuwa kijiwe cha blogu. Mwandishi alikuwa hapohapo, anajibu, anabishana, anakosolewa. Siku hizi msomaji akiguswa na makala haandiki chochote chini yake. Anaituma kwenye kundi lake, na huko ndiko watu wanakoicheka, wanakoisifu na kuichambua, mwandishi mwenyewe hayupo. Bloga anayesubiri maoni nyumbani kwake ni kama mwenye hafla aliyekaa ukumbini huku wageni wote wameshahamia uani. Si ajabu akaambiwa naye atoke uani.

Kurudi kwenye soga, kwa kweli, ni kurudi kwa wakubwa. IRC, mfumo wa awali wa kuchati kwa maandishi mtandaoni, ambao Jarkko Oikarinen aliutengeneza katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, mwaka 1988, una umri mkubwa kuliko blogu. Watu walikuwa wakichati na wasiowajua kabla mtu yeyote hajawa na ukurasa wake.

Hoja yao ya pili inatoka mbali na teknolojia. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano dhaifu. Miongoni mwa watu aliowahoji waliopata kazi kupitia mtu waliyemfahamu, asilimia 16.7 tu ndio waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Zaidi ya nusu walionana naye mara mojamoja, na waliobaki kwa nadra sana. Waliohojiwa hawakuwa wengi, ila maelezo yake yanaeleweka: rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua wewe, habari mpya iko kwa mtu wa pembeni. Kundi la soga ni ghala la watu wa pembeni. Bloga wa mapishi anakutana na anayejua kupiga picha, mwandishi wa teknolojia anakutana na mwalimu anayeona kosa la sarufi akiwa mbali.

Mimi mtu wangu wa pembeni nilimpata hivi. Mmoja kundini aliuliza kwa nini ukurasa wake unachukua muda mrefu kufunguka. Watu wawili wakamjibu abadilishe kampuni inayohifadhi blogu yake, wa tatu akatuma tangazo la biashara yake. Nilimfuata faragha, nikaomba linki. Picha ya juu ya makala ilikuwa na megabaiti sita, imetoka kwenye kamera moja kwa moja. Nikamwelekeza aishushe upana hadi pikseli 1200 na kuihifadhi upya. Ikabaki kilobaiti mia moja na themanini, na ukurasa ukafunguka mara moja. Ilituchukua dakika arobaini, nyingi zikiwa za kutafuta kitufe cha kuhifadhi. Miezi mitatu baadaye, bila kuombwa, aliniandikia: "Aya ya tatu na ya sita zinasema kitu kimoja. Na hapo kwenye mwaka angalia tena." Mwaka kweli nilikuwa nimeukosea. Tangu siku hiyo rasimu zangu zinapita kwake.

Angalia uhusiano huo ulikotoka. Haukutoka kwenye linki yoyote niliyowahi kubandika. Linki zimeniletea madole gumba, swali la mwenzangu likaniletea mhariri. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kwenye makundi wengi tunaingia tukidhani tutabaki wageni milele, tukipitisha sahani tu.

Sasa upande wa pili, ambao binafsi naona una uzito zaidi kuliko wanavyokubali wapenda makundi.

Kuna kwanza hesabu ya ukimya. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kwamba katika jumuiya nyingi za mtandaoni watu 90 katika 100 hutazama tu, 9 huchangia kidogo, na mmoja ndiye anayebeba karibu mzigo wote. Ni makadirio ya jumla, lakini aliyewahi kukaa kwenye kundi la watu mia mbili atayatambua. Maana yake kwa bloga ni kwamba ukinyamaza, hakuna anayejua upo. Ukitaka kujulikana inabidi uwe miongoni mwa wale wachache wanaosema kila siku, na hiyo ni kazi ya pili isiyo na mshahara. Mtu anaamka na ujumbe 140 ambao hajasoma, anaanza kujibu, na ikifika saa ya kuandika, ile hamu imeshaisha.

Hamu ndiyo ninayoihofia kuliko muda. Wazo lina joto lake. Ukilimwaga kundini saa tatu usiku kwa ujumbe wa sauti wa dakika mbili, ukapongezwa, ukabishana kidogo, ukacheka, kesho yake ukikaa kuliandika linakuwa limepoa. Umeshalisema. Nina daftari lenye vichwa vya makala ambazo hazikuandikwa kamwe, na nusu yake najua ziliishia kwenye soga. Wapo watu ambao kusema kunawasaidia kuandika. Mimi kunanitosheleza, na hiyo ndiyo shida.

Halafu kuna nipe nikupe. Baadhi ya makundi yameanzishwa kwa mkataba huo waziwazi: weka linki yako, tembelea za wenzako kumi, acha maoni, na wao watafanya hivyo kwako. Takwimu zinapanda kweli, ila zinapandishwa na watu ambao hawakuja kusoma. "Makala nzuri, endelea hivyo" inaandikwa chini ya kitu ambacho hakijasomwa, na mwandishi anajenga maamuzi yake juu ya sifa hizo. Wale wanaobadilishana linki ndani ya makala ili wapande kwenye matokeo ya Google wako pabaya zaidi, kwa kuwa kanuni za Google zinahesabu ubadilishanaji wa kupindukia kuwa ni udanganyifu. Kwa linki za kwenye maoni, tangu Januari 2005 ipo alama ya nofollow, inayoiambia Google isiihesabu linki husika, iliyowekwa mahususi ili kuwavunja moyo waliokuwa wakizimwaga huko ili wapande kwenye matokeo.

Ukubwa nao unahadaa. Kundi la Telegram linaweza kuwa na watu 200,000, la WhatsApp 1,024. Mwanaanthropolojia Robin Dunbar, katika utafiti wa 1992, alikadiria kwamba mtu anaweza kumudu uhusiano wa kudumu na watu kama 150 hivi. Wapo wanaoipinga namba hiyo, lakini hata wao hawasemi mtu anaweza kuwajua watu laki mbili. Kundi likishavuka kiwango fulani halizai mahusiano tena, linakuwa hadhira, na hadhira ile ni ya msimamizi. Si yako.

Lililonifundisha zaidi, hata hivyo, halina namba. Mwanakikundi mmoja aliwahi kusimulia, usiku, watu wakiwa wachache, jinsi alivyokubali fedha za kampuni fulani ili aisifu bidhaa ambayo hakuwahi kuitumia, na jinsi alivyojutia. Ilikuwa simulizi ya kweli na yenye mafunzo. Wiki mbili baadaye niliandika kuhusu maadili ya matangazo kwenye blogu, nikaitumia. Jina sikulitaja, bidhaa niliibadilisha. Niliamini nimemsitiri. Asubuhi palikuwa na mstari mmoja mdogo wa kijivu katikati ya skrini: ameondoka. Hakuniandikia neno. Waliobaki hawakunilaumu hadharani, ila kwa miezi kadhaa hakuna aliyesimulia kitu cha maana nikiwa nimo.

Watetezi wa makundi mara chache huligusa jambo hili. Bloga si mwanakikundi kama wengine. Kazi yake ni kuchukua yaliyo faragha na kuyapa sura ya hadharani, na kijiwe kinaishi kwa imani kwamba ya kijiweni yanabaki kijiweni. Anayesema "jiunge upate marafiki na mada za kuandika" anakupa vitu viwili vinavyogombana. Siku hizi nikitaka kutumia kilichosemwa kundini, naomba ruhusa kwa maandishi, na nikijibiwa "ngoja nifikirie" nahesabu kuwa ni hapana. Mada nyingi nimezipoteza hivyo.

Kuhusu usalama nitasema kidogo tu. Kwenye kundi la kawaida la WhatsApp namba yako ya simu iko mbele ya kila aliyemo, wakati Discord inatumia majina ya kujichagulia na Telegram inakuruhusu kuificha namba. Anayeandika mambo yanayowaudhi watu alizingatie hilo kabla ya kubonyeza linki ya mwaliko, kwa kuwa baadaye atakuwa amechelewa.

Tena kijiwe ni nyumba ya kupanga. Google+ ilifungwa Aprili 2019. Yahoo Groups ilizimwa Desemba 2020 baada ya karibu miongo miwili. ICQ, iliyowafundisha wengi kuchati tangu 1996, ilizima taa Juni 2024. Hata pasipofungwa, maneno yanapotea: kwenye mpango wa bure wa Slack, programu ya soga za kikazi, ujumbe uliopita siku 90 hauonekani tena. Majibu bora niliyowahi kuyaandika kuhusu kutunza blogu niliyaandika kwenye soga, na leo hata mimi siwezi kuyapata. Kama ningeyaweka kwenye ukurasa wangu, mgeni angekuwa anayafikia kupitia Google usiku huu.

Basi, je, bloga ajiunge? Nadhani ndiyo, lakini kwa sababu tofauti na ile anayopewa. Akienda kutafuta wasomaji atarudi na madole gumba. Akienda kutafuta wenzake wawili watatu wa kazi, watu watakaomwambia aya ya tatu inajirudia, kundi linaweza kumlipa, mradi awe tayari kutumia wiki nyingi akijibu maswali ya wengine bila kutaja blogu yake. Ningemshauri achague kundi dogo, la watu thelathini au pungufu, lenye msimamizi anayefuta matangazo bila kuona aibu. Na akishampata mtu wake, wahamie kwenye barua pepe, ambayo haina kelele za watu mia mbili.

Nakiri ushauri huo unamfaa zaidi mtu ambaye tayari ana la kusema. Anayeanza kabisa, asiye na hata makala tano, huenda akahitaji zile "hongera" za uongo ili afike ya sita. Sitamcheka. Mimi pia zilinifikisha mahali, na ile yenye ua niliisoma zaidi ya mara moja.

Kundi lile la mia mbili na ushei bado nimo, nimelizima sauti. Ninaingia Jumamosi asubuhi, natafuta maswali ambayo hayajajibiwa, najibu mawili au matatu, natoka. Linki sijabandika tangu mwaka jana. Rasimu ya haya unayoyasoma ilipita kwanza kwa yule mwenye picha ya megabaiti sita. Alinirudishia na neno moja: "Punguza."