Ulimi wa Mzee Ojwang' ulikuwa wa nani?

Juzi nilikuwa kwenye hoteli moja Kariokor, Nairobi, chapati na ndengu mezani, kijana wa meza ya pili akicheza kipande cha zamani cha Vitimbi, kile kipindi cha vichekesho cha KBC, runinga ya taifa, kwenye simu yake. Sauti ya Mzee Ojwang' ikajaa chumba kizima. Wazee wawili wakaanza kucheka kabla hata mzaha haujafika. Dada mmoja aliyekuwa akinywa chai kando yangu hakucheka. "Darasani walikuwa wananiita Samba," akasema. "Nilisema 'shamba' siku moja, ikatoka hivyo, basi. Na walimwiga huyo huyo."

Benson Wanjau, aliyefariki Julai 12, 2015 akiwa na miaka 78, alikuwa Mkikuyu. Kwenye runinga alikuwa Ojwang' Hatari, Mjaluo wa jina na wa ulimi. Siku hizi vipande vyake vinarudi mitandaoni, na vijana wanauliza swali ambalo sisi tuliokulia mbele ya KBC hatukuwahi kuuliza: ule ulikuwa usanii au kebehi?

Wanaolalamika hawapigi domo. Kijaluo hakina sauti ya "sh". Mtu akisema "samba" si kwamba hakusoma, ni lugha ya mama inapita mdomoni, na kumcheka kwa hilo ni kumcheka alikozaliwa. Tena tulishaona kicheko cha aina hiyo kinaweza kuishia wapi. Baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa watu zaidi ya 1,100, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 haikuwasahau wasanii: kifungu cha 13 kinataja hata mchezo wa kuigiza, faini ni hadi shilingi milioni 1 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Ila kifungu hicho kinataka maneno yawe ya vitisho, matusi au dharau, na yawe na nia au uwezekano wa kuchochea chuki ya kabila.

Mzee Ojwang' simwoni hapo, hata nikikaza macho.

Mtazame vizuri. Kinachochekwa ni mume mbishi anayejiona mjanja, halafu Mama Kayai, mkewe kipindini, anamvua nguo kwa sentensi moja. Kila nyumba ilikuwa na mzee wa namna hiyo, Nyeri mpaka Kakamega. Na kipindini hakuna aliyekuwa na Kiswahili "safi" cha kuwapimia wengine: Mkamba aliongea kama Mkamba, Mluhya kama Mluhya. Kila mtu alifika kwenye Kiswahili na mzigo wake, na ukiniuliza mimi, hicho ndicho Kiswahili cha Nairobi. Mwenyeji wa Lamu angetucheka sote.

Lakini kinachonikalisha macho ni lile jina. Nchini mwetu jina la pili ndilo kitambulisho chenyewe. Ukilitaja kwa mwenye nyumba, kwenye mahojiano ya kazi, au kituoni wakati wa kura, mtu ameshakupanga kabla hujamaliza. Sasa fikiria: Mkikuyu anachukua jina la Kijaluo katika miaka ambayo siasa za makabila hayo mawili zilikuwa zimechacha, anakaa nalo miaka na miaka, na wenye jina hawamwambii alirudishe. Wanadai ni wa kwao. Ulimi wa Kikuyu una vita vyake vya "r" na "l", lakini yeye aliviacha mlangoni akaokota "s" ya ziwani, na masikio ya Kisumu yakamkubali. Mtu anayekudharau hajifunzi ulimi wako kiasi hicho. Alipofariki, Wakenya wengi ndipo waliposikia "Wanjau" kwa mara ya kwanza, na hata waliosikia waliendelea kumlilia Ojwang'.

Kuna jambo moja nalikubali bila kupinga. Hadi KTN ilipoanza mwaka 1990, runinga ilikuwa moja tu, kwa hiyo Mjaluo wa runinga alikuwa ndiye huyo huyo kwa watoto wote nchini. Wanjau alikuwa na upendo na kipaji. Mtoto wa darasa la tano aliyemwiga alikuwa na "samba" peke yake. Na waliokuja nyuma yake, wengi wao jukwaani na redioni, walichukua lafudhi wakaacha mhusika. Wanasema "nilikutana na Mjaluo mmoja", ukumbi unacheka kabla huyo Mjaluo hajafanya lolote. Huo ni uvivu, na sioni kwa nini alipe Wanjau.

Nilimwambia dada yule karibu hayo yote. Mhudumu, kijana wa Ugenya, Ujaluoni, alikuwa anapangusa meza akisikiliza. "Mzee wangu alipoambiwa Ojwang' ni Mkikuyu alikataa," akasema. "Alisema gazeti limekosea jina."

Dada akacheka, kidogo. Kisha akamwita mhudumu ili alipie chai yake, na nikamsikia akitaja "shilingi" polepole, akiikanyaga ile "sh" kama mtu anayevuka mtaro.