Birika Lenye Mkonga

Sijui kuchora. Shuleni mwalimu aliutazama mchoro wangu wa ng'ombe akauliza kama ni meza, darasa zima likaangua kicheko. Sikushika tena penseli ya kuchorea kwa miaka ishirini.

Mwaka juzi, baada ya kumzika mama, usingizi ulinikataa kabisa. Usiku mmoja nikavuta daftari la mwanangu, nikaanza kulichora birika lililokuwa mezani. Mdomo wake ulitoka kama mkonga wa tembo. Lakini kwa nusu saa nzima sikuwaza kingine ila lile birika.

Wengi hudhani mwenye huzuni lazima achore huzuni yenyewe: machozi, moyo uliopasuka. Kwangu birika lilifaa zaidi. Jicho likishughulika na mpini na kivuli, kichwa nacho hupata kupumua. Kina mama wanaosuka ukili wa mikeka barazani huko Pemba wangenicheka nikiwaeleza hili kama ugunduzi.

Na ufundi si sharti. Mwaka 2016 Girija Kaimal na wenzake wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga au kubandika karatasi. Kwa takriban robo tatu yao, kotisoli, homoni ya msongo, ilishuka, na wazoefu wa sanaa hawakuwazidi wageni.

Kuandika ni habari nyingine. Katika utafiti uliochapishwa 1986, mwanasaikolojia James Pennebaker aliwataka wanafunzi waandike mambo yaliyowaumiza, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walipoweka kalamu chini walikuwa na majonzi kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Nafuu ilikuja baadaye: walioeleza tukio pamoja na hisia zao walikwenda zahanati mara chache zaidi miezi iliyofuata. Kwa hiyo anayekuahidi faraja ya papo hapo anakudanganya. Barua yangu ya kwanza kwa marehemu mama niliiandika nikilia hadi wino ukasambaa, na kesho yake nilikuwa hovyo. Ya tatu ndiyo iliyoniletea usingizi.

(Mwenye sonona aende hospitali, penseli isimcheleweshe.)

Ila nakusihi, mchoro wako usiupige picha ukautupia WhatsApp. Ukianza tu kuhesabu nani kauona na nani kausifu, umerudi kwenye darasa la yule mwalimu.

Birika langu bado limo daftarini. Mwanangu ameandika chini yake: "Tembo."