Siku Baba Mdogo Alipotoa Dola Milioni 167

Mmeshaiona ile video ya harusi. Najua mmeshaiona, maana tangu Jumapili simu yangu haitulii, na hata mama anayeniuzia mkate hapa Katuba, Lubumbashi, ameniuliza kama ile "masini" (mashine) yangu ya kuonyesha zawadi inaweza kumwandikia na yeye kidogo. Sasa sikilizeni: video ile imekatwa. Rafiki yangu mpiga picha (tangu leo namwita mpiga picha tu, urafiki tutauangalia baadaye) ameweka kicheko, akaacha yaliyotangulia na yaliyofuata, halafu akaandika chini eti nimemwaibisha mkwe kwa makusudi. Makusudi yapi? Mimi mkwe yule simjui hata anakula nini. Kaeni niwaeleze, na ninyi mliokuwepo ukumbini nyamazeni kwanza.

Harusi ilikuwa ya mtoto wa mama mkubwa. Mnajua zawadi za pesa zinavyosomwa kwetu: bahasha moja baada ya nyingine, kipaza sauti kinalia, bukari (ugali) inapoa, wazee wanasinzia. Kwenye kamati nikanyoosha mkono nikasema tutafanya kisasa. Hakuna aliyeniomba. Liandikeni hilo pia.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri na mtu asinibishie. Kompyuta moja mezani kwa mtunza hazina, nyingine kwenye projekta. Mtunza hazina anaandika jina na kiasi, anabonyeza, na kule mbele jina linatokea kwa herufi kubwa, ngoma inalia sekunde 10, na jumla inapanda. Nilitumia RPC (Remote Procedure Call), ile ya kampuni ya Sun iliyowekwa kwenye RFC 1057, hati ya kanuni za mtandao, mwaka 1988, kwa sababu raha yake ni kwamba kompyuta hii inaita kazi iliyoko kwenye kompyuta nyingine kana kwamba iko kwake. Najua. Kwa orodha ya zawadi za harusi. Mngeniambia mapema.

(Wasio wa fani, rukeni mpaka pale Baba Mdogo anaposimama. Sitakasirika.)

Upande wa projekta kulikuwa na Linux, na kazi niliifanya kama alivyofundishwa mtu: faili la .x likieleza ujumbe una nini ndani, yaani kiasi ambacho ni int (namba nzima) na jina ambalo ni opaque (baiti ghafi) ya baiti 24, kisha rpcgen, programu inayosoma faili hilo, ikanitolea msimbo wa C wa kufungasha na kufungua ujumbe. Shida ilikuwa kompyuta ya mtunza hazina. Ni ya Windows, rpcgen haimo, na harusi ni kesho. Nikasema basi, ujumbe nitaujenga kwa mkono.

Kichwa cha ujumbe nilikijenga kwa heshima zote. Kwanza xid (namba ya kuutambulisha wito), halafu 0 kuonyesha kwamba huu ni wito, halafu toleo la RPC ambalo ni 2, namba ya programu 0x20000001, toleo la programu, namba ya kazi, na nafasi mbili za utambulisho nilizoziacha tupu. Jumla baiti 40, na kila namba nimeipitisha kwenye htonl, inayopanga baiti upya, kwa sababu XDR, kanuni ya RPC ya kuandika data, inataka baiti kubwa itangulie, wakati kompyuta zetu hizi za Intel zinaanza na ndogo. Hilo nililijua! Kisha nikafika kwenye mwili wa ujumbe, macho yananiwasha, nikaona ni strakti (fungu la data) ya baiti 28 tu: kiasi na jina. Nikaichota nzima kama ilivyo kwa memcpy, bila htonl, nikaibandika nyuma ya kichwa, nikaenda kulala kama mtu mwenye akili.

"Hukujaribu?" Nilijaribu. Nilituma jina langu na kiasi 0, maana sikutaka kujiandikia pesa za uongo mkesha wa siku ya baraka. Sifuri ikaenda, sifuri ikafika. Sifuri ukiigeuza miguu juu inabaki sifuri.

Sasa Baba Mdogo.

Baba Mdogo ni ndugu yake baba, na kwenye ukoo wetu anajulikana kwa mikono mifupi. Kwenye kilio anachanga maombi. Kwenye harusi anahakikisha anatoa wa kwanza, ili asije mtu akampima na aliyemtangulia. Basi akasimama mapema, akavuta koti, akampa mtunza hazina noti ya dola 10 iliyokunjwa mpaka imekuwa kama kidonge. Mtunza hazina akaikunjua polepole, akaiinua kwenye taa kuangalia kama haikupasuka, akaandika, akabonyeza.

Mbele likatokea jina lake lote, safi, hakuna herufi iliyopotea. Chini yake: 167,772,160.

Ngoma ikaanza. MC alikuwa ameshafungua mdomo kwa dola chache, akaufunga, akaegemea mbele, kisha akaanza kusoma kwa sauti ya mtu anayepanda ngazi gizani. "Dola... milioni mia moja... sitini na saba... elfu mia saba sabini na mbili... mia moja na sitini!" Ukumbi ukanyamaza kidogo tu, halafu vigelegele. Mama zangu wakubwa wote wamesimama, vitenge hewani. Nami niko pembeni ya projekta, naiona namba, na kichwani najua papo hapo kilichotokea: kwenye kompyuta ya mezani 10 (kwa maandishi ya mashine, 0A) imelala kama 0A 00 00 00, baiti ndogo mbele, na huku mbele XDR imeisoma kutoka kushoto, 0A ikakaa kwenye kiti cha baiti kubwa. Jina halikuguswa kwa sababu opaque haisomwi kama namba, zinapita baiti kama zilivyo. Jina sahihi, pesa ya wazimu. Afadhali lingeharibika na jina.

Nikamwangalia Baba Mdogo nikitegemea atasema "jamani, hapana". Wapi! Alitazama ile namba, akaitazama tena, halafu akashuka chini, mzee wa miaka yake, akarukaruka kwa makalio kwenye sakafu kama Kidiaba, yule kipa, siku za Mazembe ya 2010. Nilipomkaribia nimnong'oneze kwamba kuna hitilafu, akanisukuma kwa kiganja: "Acha, mwana. Masini haidanganyake."

Ningesimamisha pale. Lakini mtunza hazina alikuwa ameshampokea wa pili, naye ni mjomba wa bibi harusi, aliyetoka Likasi asubuhi ile na suti ya vipande vitatu. Dola 200, noti mbili mpya. Mtu mwema. Ndiye peke yake upande wa wakwe aliyetuteremshia mahari bila maneno. Nilipiga kelele "ngoja!" lakini ngoma ilikuwa bado inalia, na kidole kikashuka.

Wale wa fani mmeshaanza kucheka, nawaona. Kiasi nilikiandika int, ile inayokubali pia namba hasi. 200 kwa hesabu ya mashine ni C8. C8 ikikaa mbele, biti yake ya kwanza, ambayo ni 1, inasomwa kama alama ya kutoa, na namba inageuka kuwa hasi.

Jina la mjomba likatokea, na chini yake: -939,524,096.

Na ngoma ikapiga. Ndiyo hiyo inayoniamsha usiku: ngoma haikujua. Ilipiga kwa furaha ileile, tarumbeta na vyote, juu ya kichwa cha mzee aliyesimama na mkono kifuani akingoja vigelegele. MC akasoma "Dola milioni mia tisa..." na mama wawili wakaanza kushangilia, mpaka mwalimu wetu wa hesabu aliyestaafu akasema kwa sauti yake ya darasani, "Someni vizuri. Kuna alama ya kutoa mbele." Kimya. Mzee mmoja upande wetu akauliza, na aliuliza kwa nia njema kabisa, "Sasa ni wao wanatudai, ao ni sisi tunawadai?"

Mjomba akageuka akaangalia ukuta. Akavaa miwani. Akaangalia tena.

Nikang'oa waya wa mtandao. Msinicheke, mkono ulienda wenyewe. Tatizo ni kwamba seva yangu, ile programu ya upande wa projekta, hurudisha jibu baada ya ngoma kuisha, kwa hiyo jibu likapotea njiani, na kule mezani programu, ikiona sekunde 15 zimepita bila jibu, hutuma wito uleule tena, xid ileile. Seva nzuri ingeikumbuka ile xid ikakataa. Yangu haikumbuki kitu. Hata hivyo waya ukiwa nje hakuna ubaya, sivyo? Ndipo mdogo wangu, mtoto mwenye bidii, akatokea nyuma ya pazia: "Yaya, waya ilikuwa imetoka, nimeirudisha!"

-939,524,096, mara ya pili. Ngoma tena. Na chini kabisa, juu ya vichwa vya maharusi waliokuwa wameshikana mikono, jumla ikajiandika: -1,711,276,032.

Yaliyobaki ni mafupi. Umeme wa projekta ulikatwa na mtu nisiyemjua, Mungu ambariki. Wazee walikaa, nikapiga magoti, kreti mbili za bia ya Simba zikatoka mfukoni mwangu kwenda meza ya mjomba, naye akacheka kabla ya chupa ya pili. Zawadi zilisomwa kwa karatasi mpaka saa sita za usiku. Msimbo nimeutengeneza, ni mstari mmoja, msiniulize.

Baba Mdogo bado hajakanusha. Wapwa watatu wamemwendea na karo ya shule, akawaambia pesa ziko njiani, benki inachelewesha. Mimi amenituma nimtolee ile picha ya ukutani kwa karatasi kubwa.

Na jana kamati ya kilio cha jirani imenipigia, wanataka masini kwa Jumamosi. Mtunza hazina wao ana kompyuta ya Windows. Nimewaambia niko mbali, Kipushi.