Leza mdomoni na kwenye ngozi: inasaidia wapi, inasifiwa kupita kiasi wapi

Kliniki zinazotangaza leza hupenda kuahidi mambo matatu kwa mpigo: hutasikia maumivu, hutatoka damu, hutabaki na kovu. Upande wa pili wapo madaktari wazoefu wanaosema leza ni kifaa ghali kinachofanya kazi ambayo kisu na mashine ya kuchonga meno vinaifanya vizuri tu. Mgonjwa amekaa katikati, na mara nyingi anaamua kwa kuvutiwa na jina la leza au kwa kuliogopa. Mimi naona ubishi huu unaanza vibaya, kwa sababu pande zote mbili zinaizungumzia leza kana kwamba ni kifaa kimoja. Leza inayochonga jino ni mashine tofauti na ile inayokata fizi bila damu, na hiyo inayokata fizi, ikielekezwa kwenye jino, inaweza kuua kiini chake.

Hili lilijulikana mapema. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza Mei 1960 huko California, akitumia fimbo ya rubi, na haikupita miaka mitano watafiti wakaanza kuielekeza kwenye meno. Mwaka 1965 Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Marekani, alimulika jino hai la ndugu yake, ambaye mwenyewe alikuwa daktari wa meno. Shida ilikuwa joto. Mwanga mwekundu wa rubi hautoboi jino kwa usafi. Nguvu yake nyingi inageuka joto linalosafiri ndani hadi kwenye kiini, penye neva na mishipa ya damu. Mwaka huohuo wa 1965 utafiti uliofanywa kwa nyani ulionyesha kwamba joto la kiini likipanda kwa nyuzi 5.5 tu za Selsiasi, baadhi ya meno hufa. Kwa hiyo leza ya rubi haikupata nafasi kwenye kiti cha daktari wa meno, na sababu yake ndiyo ufunguo wa kuelewa yote yaliyofuata.

Mwanga haufanyi kitu mwilini mpaka unyonywe. Na kila urefu wa wimbi la mwanga, unaopimwa kwa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita), una kitu chake kinachounyonya. Leza ya erbiamu, yenye urefu wa nanomita 2,940, inanyonywa na maji kuliko nyingine zote zinazotumika kwa meno. Leza ya kaboni dioksidi, nanomita 10,600, nayo inanyonywa sana na maji, lakini inaacha joto zaidi. Leza ya dayodi, kati ya nanomita 810 na 980, inapita kwenye maji bila kizuizi kikubwa na kunaswa na rangi: himoglobini ya damu na melanini ya ngozi. Leza ya neodimiamu, nanomita 1,064, inazama ndani zaidi. Daktari anayesema tu kwamba anatumia leza bado hajakuambia chochote.

Tuanze na jino lililotoboka, kwa sababu ndilo linalowapeleka wengi kliniki. Enameli, lile gamba gumu la nje, ina maji kidogo sana, kama asilimia 4 ya uzito wake, lakini yanatosha. Pigo moja la leza ya erbiamu linadumu sehemu ndogo tu ya elfu moja ya sekunde. Maji yaliyonaswa katikati ya madini ya jino yanageuka mvuke ghafla, yanapasuka, na kurusha vipande vidogo vya enameli. Ukiwa kwenye kiti husikii ule mlio mwembamba wa mashine ya kuchonga. Unasikia milio mifupi ya kupasuka-pasuka, huku maji baridi yakinyunyizwa bila kukoma ili jino lisipate moto. Mara nyingi ncha ya kifaa haigusi jino kabisa, inasimama juu yake kwa umbali wa milimita moja hivi. Sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko sehemu isiyooza, hivyo inaondoka kwa urahisi zaidi.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu leza hii itumike kuchonga meno mwaka 1997. Je, inashinda mashine ya kawaida? Mwaka 2016 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulichapisha mapitio ya majaribio 9 yaliyohusisha watu 662. Katika kuondoa uozo wenyewe, hapakuonekana tofauti ya kueleweka. Katika maumivu, waliotibiwa kwa leza walielekea kuumia kidogo na kuhitaji ganzi mara chache zaidi. Waandishi walionya kwamba ubora wa ushahidi huo ni wa chini. Nikiweka hayo pamoja, napata picha hii: ahadi ya kutokusikia maumivu imetiwa chumvi, lakini maumivu pungufu yapo. Kwa mtoto anayelia akiona sindano, au mtu mzima aliyeacha jino lioze miaka mingi kwa kuogopa mtikisiko wa mashine, tofauti hiyo ni kubwa mno kuidharau. Mtu anayekimbia matibabu anapoteza meno, na kifaa kinachomfanya akae kwenye kiti kina thamani ambayo majaribio ya kupima uozo hayawezi kuionyesha.

Lakini leza hiyohiyo ina mipaka ambayo matangazo hayaitaji. Inachonga polepole kuliko mashine, ambayo ncha yake huzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Kijazo cha zamani cha amalgamu, mchanganyiko wa metali na zebaki, hakiondolewi kwa leza, maana metali inaakisi mwanga na joto linaweza kutoa mvuke wa zebaki. Kuchonga jino zima ili livishwe krauni, yaani kofia ya jino, bado ni kazi ya mashine. Kwa hiyo hata kliniki yenye leza bora haijaiondoa mashine ya kuchonga mezani, na baadhi ya wagonjwa wanaoanza kwa leza humaliziwa kwa mashine.

Kwenye nyama laini mambo yanageuka, na hapa naegemea zaidi upande wa wanaoitetea leza. Kupunguza fizi zilizokua na kufunika meno, kuondoa uvimbe mdogo ndani ya shavu, kukata kikano cha mdomo (utando unaounganisha mdomo na fizi), kufichua jino lililokwama chini ya fizi: hizi ni kazi ambazo kwa kisu hujaza mdomo damu, na damu humzuia daktari kuona anachokata. Leza ya kaboni dioksidi huziba mishipa myembamba, ile isiyozidi nusu milimita, inapoikata. Mara nyingi hapahitajiki mshono. Kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, faida hii ina uzito wa kweli.

Hata hapa, tazama kwa karibu kinachotokea. Kabla ya kukata kwa leza ya dayodi, madaktari wengi hugusisha ncha ya uzi wa kioo unaopitisha mwanga kwenye kipande cha kizibo au karatasi ya rangi hadi ipate weusi. Weusi huo unanyonya mwanga, ncha inawaka moto, na kuanzia hapo kinachokata fizi kwa sehemu kubwa ni ncha yenye moto, kama kisu kilichopashwa kwenye makaa. Mwanga wenyewe unabaki na kazi ndogo. Ukilijua hilo, swali linalofuata linakuja lenyewe: mbona kifaa cha umeme cha kukata na kuziba damu, ambacho kimekuwepo miaka mingi na kwa bei nafuu mno, kisitumike? Mara nyingi kinaweza. Leza inakipita pale palipo na metali, kwa mfano karibu na jino la bandia lililopandikizwa kwenye mfupa, ambapo umeme unaweza kuunguza mfupa unaolishikilia, na kwa mgonjwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo. Nje ya hapo, tofauti kati ya viwili hivi ni ndogo kuliko tofauti ya bei zake.

Kuhusu kupona, wagonjwa huambiwa kidonda cha leza kinapona haraka. Kwa siku za mwanzo mara nyingi ni kinyume: kingo zake zimeunguzwa, na ngozi mpya inachelewa kuanza kutambaa juu yake kuliko kwenye kidonda safi cha kisu. Faida inakuja baadaye, kwani kidonda hicho hakijikunji sana na kovu lake ndani ya mdomo huwa laini. Mgonjwa aambiwe yote mawili.

Eneo linalonitia wasiwasi zaidi ni watoto wachanga wanaokatwa utando wa chini ya ulimi kwa leza ili wanyonye vizuri. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitoa ripoti mwaka 2024 kikieleza kwamba chini ya nusu ya watoto wenye utando wa namna hiyo hupata shida ya kunyonya, na kwamba mama asaidiwe kwanza kumweka mtoto vizuri kwenye ziwa. Mashine ikishanunuliwa, inahitaji kazi ili ilipe gharama yake, na mtoto wa wiki mbili hawezi kuuliza kama kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Anayeweza kuuliza ni mzazi, tena kabla ya kutia saini.

Ugonjwa wa fizi unaokula mfupa ni mahali pengine ambapo sifa zimeutangulia ushahidi. Msingi wa tiba unabaki kuwa ni kukwangua ugaga na uchafu chini ya fizi kwa mkono au kwa mawimbi ya sauti, na mgonjwa kusafisha meno yake kila siku. Leza ikiongezwa juu ya hapo, faida inayopimika ni ndogo. Ikitumiwa badala ya kukwangua, mgonjwa amepunjwa.

Kuna matumizi mengine ambayo hayatangazwi sana, na laiti yangetangazwa zaidi. Mwaka 1967 Endre Mester, daktari wa Budapest nchini Hungaria, aligundua kwamba leza dhaifu isiyounguza ilifanya manyoya ya panya yaliyonyolewa yaote upesi zaidi. Kutokana na hapo ikazaliwa tiba ya mwanga wa nguvu ndogo. Imesingiziwa kuponya kila kitu, lakini kuna jambo moja ambalo ushahidi wake ni mzuri: vidonda vya mdomo vinavyowapata wagonjwa wa saratani wanaopewa mionzi ya kichwa na shingo au dawa kali kabla ya kupandikizwa uboho. Vidonda hivyo humfanya mtu ashindwe kumeza hata mate, na wakati mwingine husimamisha tiba ya saratani yenyewe. Taasisi ya NICE ya Uingereza, inayotoa miongozo ya tiba, iliikubali tiba hii mwaka 2018, na miongozo ya kimataifa ya kuwahudumia wagonjwa wa saratani inaipendekeza kwa makundi hayo. Ningeambiwa nichague leza moja ya kununuliwa kwa fedha za umma, ningeanza na hii.

Kwenye upasuaji mdogo wa nje ya mdomo, leza imejijengea nafasi kadhaa. Kwa vena zilizovimba miguuni, NICE ilielekeza mwaka 2013 kwamba kuziunguza kwa ndani, kwa leza au kwa mawimbi ya redio, kutangulie upasuaji wa kuzing'oa. Chunjua sugu, vinyama vya ngozi na kucha zinazochimba nyama pia hutibiwa kwa leza ya kaboni dioksidi, ingawa tiba za bei nafuu hujaribiwa kwanza na mara nyingi zinatosha.

Hatari kubwa hapa haisikiki wala haiumi. Kisu kinapotoa doa jeusi la ngozi au baka jeupe la mdomoni, kinabaki kipande cha kupeleka maabara. Leza ikilichoma hadi likawa mvuke, hakuna cha kupeleka. Kama doa lile lilikuwa melanoma, saratani kali ya ngozi, inayoanza, au baka lilikuwa saratani changa ya mdomo, ushahidi umeondoka na moshi huku chembe za saratani zikibaki chini. Hakuna doa linalotiliwa shaka linalopaswa kuguswa na leza kabla kipande chake hakijachunguzwa, na katika hili sioni upande wa pili wa kuusikiliza.

Rangi ya ngozi nayo ni suala la tiba. Melanini inanyonya mwanga wa leza nyingi, kwa hiyo kwenye ngozi nyeusi nguvu inaweza kuishia juu badala ya kufika inakolengwa, na kuacha malengelenge, mabaka meusi au meupe. Wimbi la nanomita 1,064 ni salama zaidi kwa ngozi hiyo kwa kuwa melanini hailinyonyi sana. Mwenye historia ya makovu manene aseme kabla ya lolote, maana ahadi ya kutobaki na kovu haikutengenezwa kwa ajili yake.

Usalama chumbani unastahili kukaguliwa kwa macho yako mwenyewe. Leza za dayodi na neodimiamu hazionekani, na zikiingia jichoni zinaunguza retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Za erbiamu na kaboni dioksidi zinaumiza konea, tabaka angavu la mbele ya jicho. Miwani ni ya urefu wa wimbi maalumu, na ile isiyo na rangi inayotosha kwa kaboni dioksidi karibu haizuii chochote kwa dayodi. Wote chumbani waivae, mgonjwa akiwemo. Moshi nao si wa kupuuzwa: mwaka 1991 madaktari wa Norway walieleza kisa cha daktari mwenzao aliyeota vinyama vya virusi kooni baada ya kuwatibu kwa leza wagonjwa wa vinyama vya sehemu za siri. Bomba la kufyonza moshi linapaswa kuwa sentimita chache tu kutoka kwenye kidonda.

Kliniki nyingi hutumia kibali cha FDA kama ushahidi wa ubora. Kwa vifaa vingi vya leza, kibali hicho maana yake ni kwamba kifaa kinalingana kiusalama na kiutendaji na kingine kilichokuwa sokoni tayari. Hakisemi kwamba kinakishinda kisu. Kwa hiyo uliza ni leza ya aina gani, wimbi lake linanyonywa na nini, daktari amejifunza wapi kuitumia, angefanyaje kama isingekuwepo, na kama kipande kitapelekwa maabara. Daktari anayeijua mashine yake atakujibu bila kuona amedharauliwa, na huenda akakuambia kwamba kwa jino lako hilo mashine ya kawaida inatosha.