Mashine inapoingia mgodini, tudai nafasi, si bahasha

Hapa Lubumbashi ukitaja roboti, wengi wanakujibu haraka: umeme wenyewe Katuba unakatika kila mara, roboti itakula nini? Jibu hilo linatuliza moyo, lakini si la kweli. Giza la mtaani halisimamishi mgodi. Migodi mikubwa ya huku inanunua umeme hadi Zambia, na ukipungua inawasha jenereta. Kule Kibali, kwenye mgodi wa dhahabu wa Haut-Uélé, kampuni ilijijengea mitambo yake ya umeme wa maji, na chini ya ardhi mashine za kubeba mawe zinatembea bila dereva. Anayeziongoza amekaa juu, mbele ya skrini. Hiyo ni Kongo yetu hii hii.

Mimi sipingi mashine. Anayetaka mtoto wa mwenzake aendelee kuingia kwenye shimo ambalo mwamba wake unaweza kumwangukia, eti ajira zisipungue, mimi na yeye hatutaelewana. Kinachoniuma ni kile anachopewa mfanyakazi siku anapoambiwa hahitajiki tena. Kwetu, hicho ni bahasha ya pesa.

Na bahasha tunaijua. Mgodi wa Kamoto, wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ulibomoka mwaka 1990. Gécamines, iliyokuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katika miaka ya 1980, katikati ya miaka ya 1990 haikufikisha hata 50,000. Mishahara ikakaa miezi na miezi bila kulipwa. Halafu ukaja mpango wa kuondoka kwa hiari, mwaka 2003 na 2004, kwa pesa za Benki ya Dunia, na wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka. Hawakufukuzwa na roboti, najua. Lakini namna walivyoagwa ndiyo namna tutakayoagwa sisi tusipojipanga. Walipewa pesa mara moja, mtu aliyezoea mshahara, mfuko wa unga, hospitali na shule ya watoto, vyote kutoka mahali pamoja. Wazee walikuwa wakisema kampuni ndiyo baba, ndiyo mama. Pesa hizo zilianza kwa kulipa madeni ya miaka ile ya njaa, zikaenda kwenye karo, wengine wakajaribu biashara ambayo hawakuwahi kufundishwa. Vijana wao wakachukua sururu na kuteremka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Baba alikuwa fundi wa umeme mwenye cheti, mtoto anachimba kwa mkono. Kila nikilifikiria jambo hilo nakasirika upya.

Shaba imerudi. Mwaka 2024 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 3, mara nyingi kuliko enzi ile tunayoililia. Pita mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya hapa Lubumbashi uhesabu vijana wanaoshinda vibarazani na diploma zao, utaona kwamba kazi haikurudi kwa kipimo hicho.

Basi la kudai ni nafasi kwenye mashine yenyewe. Chumba cha kuongozea kijengwe hapa Katanga, kisihamishiwe ng'ambo siku intaneti itakaporuhusu. Dereva wa lori la mgodi afundishwe kuliongoza akiwa nje. Najua kuna mabosi wanaosema mtu wa umri huo hawezi kujifunza kompyuta. Mtu huyo anasikia mlio wa injini akajua mzigo umezidi! Anajua barabara ipi ya mgodi inateleza mvua ya Januari ikinyesha. Kompyuta ndiyo itakayohitaji kujifunza kwake.

Pesa za mafunzo zipo. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inazitaka kampuni zitoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi. Visima na madarasa ni vizuri, siwezi kuvisema vibaya, lakini sehemu ya pesa hizo ingeweza kununua karakana za kweli kwa shule zetu za ufundi, ambako mwanafunzi bado anachora mota ubaoni bila kuigusa.

Wa kuanzia ni watu wa kampuni ndogo zinazopeleka wafanyakazi mgodini. Wako wengi, mikataba yao ni ya miezi michache, na mashine ikifika hakuna atakayetangaza kwamba wamepunguzwa: mkataba utaisha tu, usirudishwe. Hao hata bahasha hawataiona. Wajumbe wa sendika, yaani chama cha wafanyakazi, wanaokaa mezani na mabosi wawaingize kwenye mkataba wa pamoja, na waandike humo kwamba kabla ya mashine yoyote ya kujiendesha kushushwa, majina ya watakaofundishwa kuiongoza na kuitengeneza yawe yamebandikwa langoni.