Namba Nne Hayupo

Kosa langu la kwanza lilikuwa la lugha. Niliposikia wanatafutwa watu wa kupiga kafi kwenye mtumbwi wa watu sita wenye tengo, yaani gogo la kuelea, ubavuni, ule wa mtindo wa Hawaii, nikajisemea: kwani hiyo si ngalawa tu? Na mtu ambaye lugha yake ina neno ngalawa, ina omo kwa mbele ya chombo na tezi kwa nyuma, ina mpaka kitenzi chake cha kutoa maji chomboni, kufua, atafundishwa nini tena? Nikajiandikisha. Ulikuwa msimu wa baridi kali, lakini maneno hayana msimu.

Kufika, nakuta ngalawa niijuayo ina matengo mawili, kulia na kushoto, na huu mtumbwi una moja, kushoto. Nikaona ni ubahili wa fundi, nikanyamaza.

Nahodha, mama mmoja mwenye sauti ya kupasua nazi, alitusimamisha nchi kavu nusu saa nzima. Egemeeni kushoto. Ukichoka, egemea kushoto. Ukiwashwa, jikune huku umeegemea kushoto, maana tengo likishanyanyuka, upande wa kulia hakuna cha kutuzuia. Tukipinduka usiachie kafi lako, na kila mtu apaze sauti ataje namba ya nafasi yake, kuanzia omo mpaka tezi, moja hadi sita, tujue hakuna aliyebaki chini ya chombo. Kisha akachora mchangani kwa ncha ya kafi: 1-10-1. Mimi nikadhani ni mpangilio wa timu ya mpira, tena wa kocha aliyekata tamaa.

"Ukianguka kwenye maji ya baridi," akasema, "una dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 mikono bado inakutii, na saa 1 hivi kabla baridi haijakuzimisha." Hesabu hiyo, akatuambia, ni ya Gordon Giesbrecht, profesa wa Kanada anayejitumbukiza mwenyewe kwenye maji ya barafu ili apime. Nilimwonea huruma huyo profesa. Hana watu wa kumshauri?

Wenzangu walivaa mavazi ya mpira ya kubana, wanang'aa kama sili. Nao nikawaonea huruma. Mimi nilikuwa na suruali mbili za pamba, soksi pea tatu, sweta zito, na glavu nilizojisifia tangu nyumbani: zile ambazo kidole gumba kina chumba chake, na vile vinne vinalala pamoja. Nahodha alinitazama kuanzia juu mpaka chini akasema pamba ikilowa inageuka adui. Kwani nani alikuwa na mpango wa kulowa? Akanifunga jaketi okozi kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika, akanipa nafasi ya nne.

Nikiri jambo moja: baridi ya mchezo huu haitoki ziwani. Inatoka kwenye kafi. Unapiga upande mmoja mapigo 14 hivi, aliyekaa nafasi ya tatu anaita "Hat!", mnamalizia "Ho!", wote mnahamishia kafi upande wa pili. Na kila linapovuka juu ya mapaja, tone moja, halipungui wala haliongezeki, linateremka kwenye mpini, linaingia mkononi mwa sweta, linapanda taratibu hadi kwapani kama mpangaji anayekagua chumba. Baada ya "Hat!" ya kumi kwapa langu lilikuwa limepangishwa.

Ndipo glavu ya kulia, iliyolowa ikawa nzito, ilipobaki kwenye mpini wakati mkono ulishahama. Ikateleza. Ikaelea. Upande wa kulia.

Ningeiacha. Lakini zilikuwa glavu nzuri.

Nilinyoosha mkono, kidogo tu. Nyuma yangu nahodha akaanza neno linaloanzia na "Eg..." Nikageuza macho kushoto, nikaona tengo likinyanyuka polepole kama mguu wa mbwa aliyefika kwenye nguzo. Likasita hewani, kana kwamba linanipa nafasi ya kutubu. Halafu mbingu ikaenda kule na sisi huku.

Sina mfano wa maji yale. Nilipoibuka, kifua kilikuwa kimeshajiamulia: "Haa! Haa! Haa!", pumzi zinaingia mbilimbili, hakuna inayotoka.

"Moja!" akaita wa omo.

"Mbili!"

"Tatu!"

Kimya.

"Haa," nikasema.

"Nne!" akaita nahodha. "Nne yuko wapi?"

Ilikuwa siku ya kwanza, hatujuani sura, majaketi rangi moja, kofia zimeshuka hadi kwenye nyusi. Jamaa wa nafasi ya tano, ambaye goti lake lilikuwa tumboni mwangu, akapiga kelele: "Nne hayupo!" Mtu akaanza kupapasa chini ya mtumbwi kunitafuta. Nilitaka kumwambia asijisumbue.

"Haa! Haa!"

Wakaanza upya. Moja, mbili, tatu. Zamu yangu ikafika. Mkono wa kulia, ulio wazi, ulikuwa umeng'ang'ania kafi kama tulivyoamriwa. Nikainua wa kushoto na kunyoosha vidole vinne kwa nguvu zangu zote, ndani ya glavu, chumba kimoja.

Nahodha akaniangalia. "Moja tumeshamsikia!" akafoka. "Wewe nyamaza, tunamtafuta nne!"

Dakika ile ya profesa ilipotimia, pumzi ikarudi, na nikasema "nne" kwa sauti ya kifaranga. Hakuna aliyenipongeza. Wawili wakapanda mgongoni mwa mtumbwi, wengine wakasukuma tengo juu, chombo kikageuka kimejaa maji pomoni, na ndoo ikakabidhiwa mimi bila mjadala. Hapo kitenzi changu kilinifaa: nilifua maji mpaka suruali zote mbili zikaanza kutoa mvuke.

Glavu ya kulia iliokotwa na jamaa wa nafasi ya tano. Hakuinyooshea mkono, aliegemea kushoto akaivuta kwa kafi.

Wiki iliyofuata nilifika na vazi la mpira, nikielekea nafasi yangu. Nahodha akanizuia, akaniongoza mpaka omo.

"Kaa namba moja," akasema. "Tukipinduka, inua tu hiyo glavu."